Degedege: Jina la Ugonjwa na Hesabu ya Vifo katika Nchi ya Rufiji

Mwalimu atakaye kufundisha watu habari za ugonjwa, na aanze kwa kuuliza wenyewe wauitaje. Asipofanya hivyo atasema mengi, na watu watamwitikia kwa adabu, kisha kila mmoja atarudi nyumbani kwake akidhani mwalimu alikuwa akisema habari za ugonjwa mwingine. Jambo hili si la kubuni. Lilitokea katika pwani yetu kwa muda wa miaka mingi, na waliopata hasara yake walikuwa watoto wadogo.

Twataka kueleza habari za jina moja, yaani degedege: maana yake ya asili, jinsi watu walivyoutibu ugonjwa huo, jinsi wenye elimu walivyoyashitaki mazoea ya akina mama kwa sababu yake, na jinsi hesabu iliyofanywa Bungu na kata jirani ilivyoonyesha ya kuwa mashitaka yale yalipita kiasi.

Bungu iko kando ya njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, kabla msafiri hajafika Kibiti. Ni nchi ya mchanga, mikorosho na mihogo, na wenyeji wake walio wengi ni Wandengereko. Zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Rufiji, ambayo makao yake makuu ni Utete, ng'ambo ya mto. Katika miaka ya 2010 sehemu hii ilitengwa ikawa Wilaya ya Kibiti. Upande wa kusini na mashariki ardhi yashuka mpaka bonde la mto na delta yake, penye mpunga, mikoko na maji yatuamayo. Penye maji hayo hapakosi mbu, na penye mbu hao hapakosi homa.

Basi tutazame jina lenyewe. Neno dege ni ukubwa wa ndege. Kamusi za zamani zalieleza kuwa ni ndege mkubwa, tena kuwa ni nondo wa usiku, tena kuwa ni ugonjwa wa watoto wachanga. Maana hizi tatu zashikamana. Watu wa pwani walisema yuko ndege, au pepo mwenye umbo la ndege, apitaye usiku juu ya nyumba. Na mtoto aliyepitiwa naye hushtuka, macho yakageuka, viungo vikakakamaa na kutetemeka kama mabawa yapigavyo. Mtu aliyewahi kumwona mtoto katika hali ile hatalicheka jina hili. Ni sura ya ugonjwa iliyotazamwa kwa makini na mama aliyekuwa amempakata mwanawe.

Dawa zake nazo zafuata jina. Kama ugonjwa umeletwa na kitu kipitacho hewani, wafaa kufukuzwa kwa harufu na moshi. Ndiyo sababu mtoto alifukizwa kwa mavi ya tembo, au akapakwa majani yaliyopondwa, au akaoshwa kwa mkojo. Na penye mwalimu wa Kurani aliandikiwa kombe akanyweshwa. Pamoja na hayo lilikuwako katazo moja kubwa: mtoto mwenye degedege asipigwe sindano, maana akipigwa atakufa.

Katazo hili ndilo lililowakasirisha sana matabibu. Lakini kabla hatujalihukumu, yatupasa kukumbuka mambo mawili ya historia.

La kwanza ni kwamba watu wa nchi hizi hawakuwa na chuki ya sindano wala ya kutoboa ngozi. Waganga wa asili walichanja ngozi kwa wembe na kutia dawa katika jeraha tangu zamani, na kazi hiyo iliitwa kuchanja. Ilipokuja kinga ya ndui kutoka Ulaya, Kiswahili hakikuhitaji neno geni. Kililichukua neno lile lile, na hata leo twasema chanjo. Kisha katika miaka ya 1920, serikali ya Waingereza na hospitali za misioni zilipoanza kutibu buba kwa sindano, watu walikuja makundi makundi, wengine wakitembea mwendo wa siku nyingi. Waliona kwa macho yao vidonda vikikauka. Tangu wakati ule sindano ilipata sifa kuliko dawa ya kunywa, na wagonjwa wengi walidhani hawakutibiwa ikiwa hawakudungwa.

La pili, tuulize: kwa nini watu walioipenda sindano ya buba waliiogopa katika degedege? Twadhani jibu si gumu. Mtoto mwenye malaria iliyopanda kichwani akichelewa, hufa upesi, hata akitibiwa na tabibu hodari. Mama amefika zahanati baada ya kutembea saa nyingi, mtoto amedungwa, na kabla ya jua kutua amekata roho. Jirani zake waliliona jambo hili mara moja, na mara ya pili, na mara ya tatu. Walilolishuhudia lilikuwa kweli, ila sababu waliyoitaja haikuwa hiyo. Hawakuiona homa ya siku mbili au tatu zilizotangulia, waliiona sindano.

Elimu ya kweli ya homa hii nayo haikuwa ya zamani sana. Laveran, tabibu wa Kifaransa, aliviona viumbe vya malaria katika damu mwaka 1880. Ross alivipata ndani ya mbu huko Bara Hindi mwaka 1897. Mwaka ule ule Robert Koch, mtaalamu mashuhuri wa Wadachi, alifika Dar es Salaam, akakaa hata mwaka uliofuata akipima damu za watu kwa hadubini. Kuanzia 1901 Wadachi walijaribu katika mji huo kuwatafuta wenye viumbe hivyo katika damu na kuwapa kwinini, wapate kuikata homa katika asili yake. Lakini elimu hiyo ilikaa mijini. Katika mashamba ya Rufiji watu waliendelea na akili zao wenyewe, nazo hazikuwa hafifu. Walilala katika fumba, yaani mfuko wa mkeka ulioshonwa, mtu akaingia ndani na kujifunika kabisa. Hawakusema mbu aleta homa, walisema mbu hawaachi watu walale. Lakini kinga ilikuwa kinga.

Sasa twaja kwenye kosa la jina. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliofanya kazi Bagamoyo, ambako walikuwa wakieneza vyandarua vyenye dawa, waliwauliza watu kwa subira majina yote ya homa. Taarifa zao zilitangazwa mwaka 1996. Waligundua ya kuwa kwa wenyeji, neno malaria, au homa ya malaria, lilikuwa jina la homa nyepesi ya kawaida, ambayo mtu humeza vidonge na kupona. Degedege ilikuwa ugonjwa mwingine. Bandama, yaani tumbo la mtoto kuvimba upande mmoja na damu kupungua, ilikuwa ugonjwa mwingine tena. Kwa tabibu hayo yote yaweza kuwa malaria moja katika hatua zake mbalimbali. Kwa mama yalikuwa magonjwa matatu yenye dawa tatu. Hivyo mwalimu wa afya aliposimama mbele ya baraza na kusema, "Mbu huleta malaria," kila mtu alikubali. Lakini aliyekuwa amefiwa na mtoto kwa degedege hakuona kwamba yeye ndiye aliyeambiwa.

Kutokana na habari hizo lilizaliwa wazo lililoenea sana kati ya wenye elimu, nasi walimu tulilishika kwa nguvu: kwamba watoto wa pwani hufa kwa sababu mama zao huwapeleka kwa mganga badala ya hospitali. Lilikuwa wazo rahisi. Lilimwondolea lawama kila mtu isipokuwa mama.

Mwaka 1998 ilianzishwa katika Rufiji kazi ya kuhesabu watu, ambayo kwa jinsi yake ilikuwa ngeni kwa wenyeji. Wizara ya Afya, pamoja na shirika la maendeleo la Kanada, ilikuwa imekwisha kuanza tangu 1997 mradi wa kutengeneza kazi za afya katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Ili kujua kama kazi hiyo yaleta faida, ilibidi kujua nani amezaliwa na nani amekufa. Na katika mashamba yetu vifo vingi havikuandikwa popote, kwa kuwa watu wengi hufia nyumbani. Basi zilichaguliwa kata zilizopakana, na Bungu ikiwa mojawapo, pamoja na Kibiti, Mchukwi, Ikwiriri, Umwe na Mgomba. Kila nyumba ilipewa namba. Makarani walizunguka nyumba zote mara tatu kwa mwaka wakiuliza aliyezaliwa, aliyehama, aliyehamia na aliyefariki.

Palipotokea kifo, mtu aliyefundishwa alifika nyumbani siku za matanga zikiisha, akaketi na wafiwa. Hakuuliza, "Alikufa kwa ugonjwa gani?" kwa kuwa jibu lingekuwa jina, na jina ndilo lililokuwa na utata. Aliuliza hadithi yote. Ugonjwa ulianza siku gani? Mwili ulikuwa wa moto? Alitapika? Alikakamaa? Alipewa dawa gani kwanza, ya dukani, ya zahanati au ya mganga? Kisha alipelekwa wapi? Maandishi hayo yalisomwa na matabibu, kila mmoja peke yake, wakakata shauri juu ya sababu ya kifo. Hivyo hadithi ya mama katika maneno yake mwenyewe iligeuka kuwa ushahidi.

Mwaka 2004 walitangaza jambo walilolipata. Katika watu waliokufa kwa malaria katika kata zile, zaidi ya robo tatu walikuwa wametibiwa kwanza kwa dawa za kisasa, ama vidonge vya dukani, ama zahanati au hospitali. Walioanza kwa mganga au kwa dawa za asili za nyumbani hawakufika hata mmoja katika kumi. Na tena, hata katika wale waliopatwa na degedege, ambao wote tulidhani walikimbizwa kwa waganga, walio wengi walikuwa wamepewa kwanza dawa ya kisasa.

Na tulifikiri jambo hili polepole, maana lagusa dhamiri zetu. Mama wa Bungu alikuwa amefanya lile tulilokuwa tukimhubiria. Alikuwa amenunua vidonge, au amembeba mtoto mpaka zahanati. Na mtoto alikufa. Methali yasema, Mficha maradhi kilio humfichua. Lakini mama hawa hawakuficha maradhi. Kilio kilikuja ingawa walikwenda mlangoni petu.

Basi sababu ilikuwa nini? Hesabu yenyewe, ikisomwa pamoja na historia ya nchi, yaonyesha njia.

Sababu moja ilikuwa dawa. Kwa miaka mingi klorokwini ndiyo iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini, ikiuzwa mpaka katika vibanda vya vijiji. Lakini viumbe vya malaria vilikuwa vimekwisha kuizoea, na mwaka 2001 serikali iliiacha, ikaweka dawa ya salfa badala yake. Hiyo nayo haikudumu. Baada ya miaka michache ikaja dawa mseto, ambayo katika Rufiji ilikuwa imejaribiwa mapema kwa namna yake. Kwa hiyo mama aliyempa mwanawe vidonge kwa wakati wake katika mwaka 1999 au 2000 alifanya alivyofundishwa, ila vidonge vilikuwa vimechoka. Homa ilishuka kidogo, ikarudi, na iliporudi ilikuja na degedege.

Sababu ya pili ilikuwa mwendo. Baada ya gharika ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji, ikawaweka katika vijiji vya nchi ya juu. Nyumba zilihama, lakini mashamba ya mpunga hayakuhama. Kwa hiyo kila mwaka watu wa bondeni walirudi kuishi katika madungu, yaani vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na tumbili. Huko mtoto aliugua mbali na duka na zahanati, katika majira yale yale ambayo mbu ni wengi. Na aliyepewa cheti cha kwenda hospitali ya wilaya, Utete, ilimlazimu kuvuka mto. Hata daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magari ya njia kuu yalikuwa yakivushwa kwa pantoni. Watu wa Bungu walikuwa na nafuu, kwa kuwa hospitali ya misioni ya Mchukwi haiko mbali nao. Lakini mtoto wa degedege hahesabu siku, ahesabu saa.

Sababu ya tatu ilikuwa utaratibu wa fedha. Kabla ya mradi ule, wilaya ziligawa fedha zao kwa desturi ya mwaka uliopita, bila kutazama ni ugonjwa gani uuao zaidi. Hesabu ya vifo ilipowekwa mezani, wakuu wa afya wa wilaya waliona kwa picha rahisi ya kuwa malaria na magonjwa mengine ya watoto ndiyo yaliyojaza makaburi, lakini hayakupewa sehemu yake ya fedha. Wakabadili mgawanyo. Waganga wa zahanati walifundishwa kumtazama mtoto mgonjwa mzima mzima, homa, kifua, kuhara na lishe kwa pamoja, badala ya kutafuta ugonjwa mmoja tu. Zahanati mbovu zilitengenezwa, wanakijiji wenyewe wakishiriki kazi. Vyandarua vilienezwa. Fedha iliyoongezwa ilikuwa karibu dola moja ya Marekani kwa kila mtu kwa mwaka.

Matokeo yake yalihesabiwa kwa namba zile zile za nyumba. Wataalamu walipolinganisha wilaya zile mbili na Kilombero na Ulanga, ambako mafunzo hayo ya watoto yalikuwa hayajafika, waliona katika miaka ya 2000 hadi 2002 vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 vikiwa pungufu kwa sehemu 13 katika 100. Na katika Rufiji yenyewe, kwa muda wa miaka mitano hivi, vifo vya watoto hao vilipungua kwa zaidi ya sehemu 40 katika 100. Hatusemi jambo moja tu ndilo lililoleta nafuu hiyo. Twasema tu ya kuwa akina mama wa nchi ile hawakubadilishwa na kuwa watu wengine. Walikuwa wale wale, na jina degedege walikuwa nalo bado. Kilichobadilika zaidi kilikuwa kile walichokikuta mlangoni walipofika.

Msomaji ataweza kuuliza: Ikiwa ni hivyo, jina lina kazi gani tena? Tujibu kwamba lina kazi kubwa, ila si ile tuliyoidhani. Mama aliyefika zahanati na mtoto aliyekakamaa, akaambiwa na mtu asiyejua lugha ya nchi, "Hii si degedege, ni malaria," amesikia kwamba yule mtu hakuujua ugonjwa. Imani yake yapungua. Lakini akiambiwa, "Ndiyo, hii ni degedege, na degedege hii huanzia katika ile homa ya juzi, homa ya mbu," amepewa daraja la kupitia. Jina lake halikutupwa, limeunganishwa na asili yake. Hata neno mganga latufundisha hivyo. Kiswahili hakikuwatenga matabibu kwa jina jipya. Kiliwapa jina la zamani, na mpaka leo mkuu wa matabibu wa nchi aitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Wenyeji walitufungulia mlango wa lugha yao, na mara nyingi sisi tuliufunga kwa dharau.

Twapenda pia kuonya juu ya kosa la upande wa pili. Si kila degedege ni malaria. Mtoto aweza kukakamaa kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa kifafa, au kwa homa kali ya asili nyingine. Na siku hizi ambapo malaria imepungua mahali pengi, jambo hili lataka uangalifu zaidi. Kwa hiyo mwalimu asifundishe dawa. Afundishe alama na haraka: mtoto mwenye homa asingojee kesho kupimwa damu, mtoto aliyekakamaa, au aliyezimia, au asiyeweza kunyonya, apelekwe sasa hivi, alazwe ubavu njiani asipaliwe, wala asinyweshwe kitu kwa nguvu. Na chandarua kitungwe kila usiku, katika dungu kama nyumbani. Mtu wa Rufiji aliyelala katika fumba alikuwa anaijua maana yake kabla yetu.

Wengi wetu tumesimama makaburini na kuzika watoto, na katika kuwafariji wafiwa tumesema, au tumewaza bila kusema, kwamba lau mama huyu angalisikia mafundisho mtoto wake angalipona. Hesabu ya Bungu na jirani zake yatutaka tuyarudie maneno hayo kwa hofu. Kabla ya kuuliza mama alikwenda wapi kwanza, tuulize alipofika alipewa nini. Swali hilo la pili halikuulizwa kwa miaka mingi, na jibu lake liliandikwa na makarani waliotembea nyumba kwa nyumba katika mchanga wa Bungu, wakisikiliza hadithi za wafiwa mpaka mwisho.